Tasnifu Kumi na Moja Zilizokunywa Chai kwa Mzee Barasa

Siku mliyoniaga mliniomba niseme machache, na kwa kuwa pilau ilikuwa inapoa, nilisema machache kweli. Asanteni, nikakaa. Baadaye nikasikia kuna waliolalamika, ati mzee mzima amekaa shambani miaka yote hiyo halafu anasema asanteni tu! Basi haya hapa mengine. Sitawaambia nilianzia daraja gani nikaishia daraja gani, maana hamtafaidika na mimi mwenyewe nikikumbuka presha inapanda. Nitawaambia habari za kamba, chai na wanafunzi waliokuja kwetu kutafuta mada za tasnifu zao.

Niliingia kituoni mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijana wa Bungoma mwenye cheti cha kilimo na viatu vyeusi nilivyovisugua usiku kucha. Kituo chetu cha majaribio ya mahindi, pale nje kidogo ya Kitale, kilikuwa na majengo matatu na gari moja. Nilidhani nitapewa meza. Mzee Cheruiyot, aliyekuwa msimamizi wa kazi za shambani, akanitazama viatu, akanikabidhi kamba.

Ilikuwa kamba ya kupandia. Kwa nyinyi wa mashine, ni kamba ndefu unayoifunga vitambaa vidogo kwa nafasi sawa, ukiivuta shambani kila kitambaa kinakuonyesha pa kuchimba shimo. Nilifunga vitambaa mpaka saa nne. Cheruiyot akaja na futi yake, akapima vitatu tu, akasema, "Fungua. Funga tena." Nikafunga tena. Saa saba akarudi, akapima viwili. "Fungua. Funga tena." Mara ya tatu nilikuwa karibu kulia, na kama ningekuwa na nauli ya kurudi Bungoma msingenijua. Jioni akapima kamba yote, akaikunja, akaiweka begani. "Hii sasa ni kamba," akasema, akaenda zake Kachibora kwenye ng'ombe wake.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kuandika kwa penseli shambani, kwa sababu mvua ya Kitale haina heshima na wino. Alinifundisha kuhesabu mistari kutoka upande wa juu, kuvaa kofia hata kukiwa na mawingu, na kutomwamini mtu yeyote juu ya vipimo. "Mkulima akikwambia shamba lake ni ekari tatu," alisema, "mshukuru sana. Halafu pima." Hilo la mwisho nililishika kwa ekari. Kwa mambo mengine nililisahau, na ndiyo sababu naandika.

Wanafunzi wa uzamili walikuja kila Januari, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani na ardhi inangoja mvua. Walitoka vyuo vikuu na barua mkononi na hofu usoni. Mmoja alikuja na mada ya kuondoa njaa Afrika nzima kwa miezi kumi na minane. Nilimtembeza mashambani siku mbili, akarudi na mada ya magugu. Mwingine alipewa mada na msimamizi wake, nami nilipomwomba anieleze inahusu nini, alisema naye anangoja kuelezwa. Kuna aliyesema mada yoyote itamfaa, mradi tu shamba liwe karibu na hoteli yenye maji moto. Huyo leo ni mkubwa mahali fulani, na simshangai.

Kazi yangu, ambayo haikuandikwa kwenye barua yoyote, ilikuwa kuwazungusha mpaka mada ipatikane. Nami nilikuwa na dawa yao: Mzee Barasa wa Kiminini.

Cheruiyot mwenyewe ndiye aliyenionyesha boma lile. Shamba lilikuwa kando ya lami, kwa hiyo gari halikwami. Mistari ya mahindi ilinyooka. Mwenyewe alikuwa mchangamfu, na chai ya mkewe, Mama Rispa, ilikuwa na maziwa ya kutosha na viazi vitamu pembeni. Sasa niambieni, kwa nini nimpeleke mwanafunzi wa watu kule ndani, kwenye tope, kwa mkulima ambaye hatujui kama yuko nyumbani? Mwaka wa kwanza nilimpeleka mmoja kwa Barasa. Mwaka wa pili nikapeleka wawili. Mpaka miaka ya themanini inaisha walikuwa wameshafika kumi na mmoja, wote wanaume, na wote waliandika tasnifu zao wakiwa wameshiba.

Barasa alizoea. Akiona gari la kituo linakata kona, anaingia ndani kubadilisha kofia. Mwanafunzi akifungua hojaji yake, Barasa ameshaanza: "Ekari nne na nusu. Mbegu za kituo. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Palizi mara mbili. Shida yangu ni barabara." Kuna kijana mmoja alikuwa anaandika mbio, Barasa akamgusa mkono akamwambia, "Kijana, umeruka la saba. La mbegu." Tulicheka njia nzima kurudi Kitale. Sikujua ninachekea nini.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya tisini akaja Madam Nasimiyu. Alikuwa mwalimu wa kilimo katika shule ya wasichana kule Bungoma, mama wa watoto wawili, na shule ilikuwa imempa ruhusa ya kwenda kusoma shahada ya pili. Alifika kwetu Februari, wakati wenzake wameshapata mada na wanapima mashamba. Aliweka barua mbili mezani kwangu. Zote zilitoka kwa msimamizi wake chuoni, na zote zilisema kitu kimoja: hii imeshafanywa, tafuta nyingine.

"Mzee Wanjala," akasema, nami nilikuwa sijafika hata miaka arobaini, "mvua ikinyesha kabla sijapata topiki, mimi nimekwisha. Nisipopanda msimu huu ruhusa yangu inaisha, narudi darasani, na mkuu wa shule amesema nafasi inaenda kwa mwingine. Kwa mume wangu wameshaanza kuuliza ati huyu mama anasoma nini kisichoisha."

"Usijali, Madam," nikamwambia. "Kesho nakupeleka Kiminini."

Tukaenda. Barasa akabadilisha kofia. Tukakaa barazani, Madam akafungua daftari, na kabla hajauliza jina, mzee akaanza: ekari nne na nusu, mbegu za kituo. Alipofika kwenye palizi, Madam aliweka kalamu chini. Nikaona amechoka, nikajisemea chai itamsaidia. Mama Rispa akaleta chai. Alipogeuka kurudi na sinia, Madam akainuka, akampokea chupa ya maziwa, wakaingia jikoni pamoja.

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu, mwanamke mgeni akikaa barazani na wanaume mpaka mwisho, jikoni atasemwa wiki nzima. Na mwanaume mgeni akijipeleka jikoni kwa mwenyewe, atasemwa maisha yake yote. Kwa hiyo mimi na wale kumi na mmoja hatukuwahi kuvuka mlango ule. Niliendelea na viazi. Kikombe cha pili kikaisha, cha tatu kikaisha, Barasa akamaliza habari za barabara akaanza za mwaka wa nzige. Ndipo Madam akatoka, macho mekundu kwa moshi na masizi kwenye kitambaa cha kichwa.

Kwenye gari, tulipopita kituo cha mafuta, akanigeukia.

"Mzee Wanjala, umewahi kuingia jikoni kwa Mama Rispa?"

"Nifuate nini jikoni kwa watu?"

"Kuna mahindi yametundikwa juu ya moto, yamefungwa kwa maganda yake, mawili mawili. Nikamwuliza ni ya kula? Akacheka. Ni mbegu. Anachagua mwenyewe kila mavuno, anayakausha kwa moshi, anapanda kule nyuma ya migomba mpaka mtoni."

"Haiwezekani bana. Boma lile wanapanda mbegu za kituo."

"Barasa ndiyo," akasema, akatazama nje.

Siku mbili zilizofuata alijifungia maktabani na zile tasnifu kumi na moja. Siku ya tatu alikuja ofisini kwangu na karatasi. Alikuwa amenakili jibu la swali la mbegu kutoka kila tasnifu, na yote yalikuwa yale yale, neno kwa neno, ila moja ambalo mwandishi alikosea kuandika ekari. "Wanaandika 'wakulima wa eneo hili,'" akasema. "Ni wakulima wangapi, Mzee? Nipe madaftari ya safari za gari nione mlienda wapi. Nikithibitisha kwamba hakuna aliyeuliza jikoni, nina topiki. Haijafanywa. Haijafanywa hata kidogo."

Vijana, hapa sitajipamba. Madaftari yale yaliandikwa na dereva kila safari, tulikotoka na tulikokwenda, na mimi ndiye niliyeyatunza. Tena kila mwisho wa mwaka mimi ndiye niliyeandika ile ripoti inayosema wakulima wa eneo letu wote wamekubali mbegu zetu. Nilikuwa naweka sahihi kubwa chini, yenye mkia. Nilimtazama yule mama, nikaona kazi yangu inaondoka na watoto wangu wako shuleni.

"Madaftari yameliwa na mchwa," nikasema.

Yalikuwa kwenye kabati nyuma yangu, chini ya kamba za kupandia. Alisema pole, tena akaisema kwa moyo, akatoka. Nililala vibaya siku hiyo na siku iliyofuata.

Siku ya tatu nilichukua baiskeli nikaenda Kiminini peke yangu. Barasa aliposikia kengele akatoka na ile kofia ya kazi, hakubadilisha. Nikamwuliza wima wima kama ni kweli Mama Rispa anapanda mbegu zake.

"Si ni kweli," akasema. "Mbegu zako ni nzuri, Wanjala, zinazaa. Lakini fukusi wakiingia ghalani, mahindi yako ndiyo wanaanza nayo. Ya mama yanafika mavuno mengine yakiwa mazima. Tunauza yako, tunakula yake."

"Na miaka hii yote unawaambia wageni wangu nini?"

"Wewe unakuja na kijana wa watu, amevaa tai, ametoka Nairobi, anakunywa chai yangu. Unataka nimwambie mbele yako ati mke wangu hataki mbegu zako? Nikuaibishe kwangu? Mimi nimekulinda, bana!"

"Basi mimi ungeniambia pembeni."

"Hukuuliza. Lile la saba linauliza Barasa anapanda nini. Barasa anapanda za kituo."

Mama Rispa aliniletea chai, naye alikuwa anajizuia kucheka. Nilipanda baiskeli nikarudi Kitale upepo ukinipiga usoni na mawingu yameshakaa juu ya Mlima Elgon, meusi ya mvua.

Nilimkuta Madam Nasimiyu mlangoni kwangu na mkoba wake. Alikuwa amekuja kurudisha buti za mpira za kituo, amezisafisha mpaka chini. Aliniambia ameandika mada ya mbolea, anaituma chuoni jioni hiyo. "Watakataa, najua, lakini lazima nipeleke kitu. Asante kwa yote, Mzee. Umenisaidia sana." Angenitukana ningeona afadhali. Niliingia ndani, nikafungua kabati, nikatoa kamba, nikatoa madaftari, nikayaweka mezani mbele yake.

Aliyatazama, akanitazama. "Mchwa wameyarudisha?"

"Wameyarudisha," nikasema.

Akafungua la kwanza. Kituo hadi Kiminini, Kiminini hadi kituo. Akafungua la pili. Kituo hadi Kiminini. Alipofika la nne alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, nami nikajikuta nacheka naye huku machozi yananitoka, na si ya kicheko yote. Nikamwambia yote, na ripoti zangu, na sahihi yangu yenye mkia. Akasema, "Sasa Mzee, funga mlango tuandike."

Tuliandika pale pale. Mada ilikuwa inauliza ni nani huchagua mbegu za mahindi zinazotunzwa jikoni Trans Nzoia na Bungoma, kwa nini, na zinakaaje ghalani. Simu ya kituo siku hizo ilikuwa na makelele mengi kuliko maneno, lakini Jumatatu alimpata msimamizi wake, akamsomea kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye banda la ng'ombe. Halafu upande wa pili tukasikia, "Hii haijafanywa. Panda."

Mama Rispa ndiye aliyekuwa dira yetu. Alimpeleka Madam kwa dada yake, dada akamtuma kwa jirani, jirani akamtuma kwa mke wa mchungaji. Mimi niliendesha gari mpaka lami inapoisha, kisha mpaka tope linapoanza, kisha nikaambiwa nibaki. "Ukiingia wewe watasema ya fomu," Madam alisema. Kwa hiyo nilikaa nje ya maboma nikinywa chai na waume waliokuwa wananiambia, bila kuulizwa, kwamba wanapanda mbegu za kituo. Jikoni za upande wa Bungoma alizimaliza mwenyewe, mwisho wa wiki alipokwenda kuwaona watoto, maana huko alijulikana na hakunihitaji. Kila mama alimpa kiganja cha mbegu kwa ahadi moja: jina lisiandikwe. Ndiyo sababu ploti zetu ziliitwa Jikoni 1, Jikoni 2, mpaka ishirini na nne, na wenzangu wakawa wanauliza leo hotelini kuna nini.

Nilifunga kamba mwenyewe. Tulimaliza kupanda Alhamisi adhuhuri, na Ijumaa mvua ikashuka. Madam alisimama kwenye mlango wa ghala bila mwavuli akisema, "Haki ya Mungu, haki ya Mungu," mpaka akalowa.

Matokeo mnayajua, yako maktabani, ingawa najua hamjayasoma. Shambani mbegu za kituo zilizaa zaidi, hakuna aliyeshangaa. Ghalani, wadudu walipoingia, za jikoni ndizo zilizodumu. Mkuu wa kituo wa wakati ule aliniita, akanitaka nieleze kwa maandishi habari ya ripoti zangu. Nilieleza ukurasa mzima kwa penseli. Akanirudishia, akasema niandike kwa wino. Barua ya onyo ninayo mpaka leo. Tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyepelekwa kwa Barasa kwanza, na mzee alinuna msimu mzima. Alikuwa amenunua kofia mpya.

Tasnifu ilifika mwaka uliofuata, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu. Mimi tasnifu huzisoma kutoka nyuma, kwenye viambatisho, kwa sababu huko ndiko watu husema kweli. Kila jikoni lilikuwa na ukurasa wake, bila jina. Nilikuwa nasoma huku nakula ndizi. Nikafika Jikoni 19.

Iliandikwa kwamba boma liko Bungoma. Kwamba mama huyu anatunza mbegu nyeupe alizopewa na mama mkwe mwaka alioolewa. Kwamba mume ni mtumishi wa kituo cha majaribio ya mahindi, huja nyumbani mwisho wa mwezi na mfuko wa mbegu za kituo, nazo hupandwa mbele ya nyumba. Swali: mume anajua? Jibu: hajawahi kutazama juu.

Niliweka ndizi chini. Vituo vya majaribio ya mahindi si vingi, jamani.

Sikungoja mwisho wa mwezi. Jumamosi asubuhi nilikuwa nyumbani, nikapita sebule bila kuketi, nikaingia jikoni kwangu mwenyewe. Sara, mke wangu, alikuwa anapuliza moto. Nikatazama juu. Yalikuwa pale, yamefungwa mawili mawili, meusi kwa masizi, mistari mitatu. Nilikuwa nimekula ugali chini yake tangu tuoane.

"Sara," nikasema, "haya ni ya mama yangu?"

"Ni ya mama yako," akasema. "Aliniambia nisiyaache yapotee, wewe ungeleta za ofisini. Nami sikutaka kukuaibisha, baba. Watu wote hapa wanajua wewe ndiye mtu wa mbegu."

Mama alikuwa ameshafariki miaka sita. Nilikaa kwenye kile kigoda cha jikoni nikalia, na Sara akanimiminia chai. Madam Nasimiyu nilikutana naye baadaye mjini Bungoma, nikamwambia nimesoma Jikoni 19. Alisema hajui ninazungumzia nini, majina aliahidi kutoyasema. Hajawahi kuyasema mpaka leo.

Sasa nimestaafu. Nyinyi mna mashine za kupanda na wanafunzi wenu wanakuja na kompyuta, na mada bado zinawashinda. Mimi mavuno haya nilimwambia Sara apumzike, mbegu nitachagua mwenyewe, kazi niliyoifanya maisha yangu yote haiwezi kunishinda jikoni kwangu. Nilichagua, nikamenya maganda ya juu, nikafunga mawili mawili, nikapanda kwenye kigoda nikatundika mistari mitatu. Nikamwita aje aone.

Sara aliingia akijifuta mikono, akatazama juu. Akavuta hindi moja, akavuta la pili, fundo likalegea.

"Fungua," akasema. "Funga tena."